Mahusiano ya kazi kama ajira: mwongozo kamili kwa aliyeko Arusha au Moshi

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, binti wa jirani yangu hapa Sakina alikuja nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, wasifu wa kurasa nne, na barua za maombi kumi na moja zinazofanana neno kwa neno, kila moja ikiomba "nafasi yoyote inayolingana na elimu yangu".

"Shikamoo anko."

"Marahaba, karibu ndani, unalowa."

Alikaa, akameza chai, kisha akauliza bila kuzunguka: "Hivi anko, hii fani yetu ina kazi kweli, au tulidanganywa?"

Nilimwambia kazi ipo, ila siyo pale alikokuwa anapeleka bahasha zake. Alikuwa amepita kwenye benki na hoteli kubwa za mjini, mahali ambapo idara nzima ya utumishi ina watu wanne na hakuna anayefikiria kuondoka. Hakuwa amefika hata shamba moja la maua. Hakujua ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayosikiliza migogoro ya kazi, iko wapi. Na nilipomuuliza mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku ngapi za kupeleka malalamiko, alinitazama tu.

Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia siku ile kuhusu kupata ajira kwenye mahusiano ya kazi, yaani kushughulikia mambo kati ya mwajiri na mfanyakazi, pamoja na mengine ambayo muda haukutosha. Mimi nilianza kama katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hotelini, nikahamia upande wa mwajiri kwenye shamba la maua, na sasa nashauri kampuni ndogo ndogo za hapa mjini na Moshi. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza, na upande mmoja nilitoka na kovu, nitalieleza mbele.

Hatua ya kwanza: chagua kiti kabla ya kuchagua chuo

Shirika la Kazi Duniani, tangu lilipoanzishwa mwaka 1919, linaendesha mambo yake kwa utatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Nchi yetu imefuata mpangilio huo. Ukiangalia Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, au bodi za mishahara, utakuta pande hizo hizo tatu zimekaa. Basi na ajira za fani hii zimegawanyika hivyo. Una viti vitatu, na kuna benchi la pembeni nitakalolitaja baadaye.

Kiti cha wafanyakazi ni vyama. Kwa huku kwetu, TPAWU ndiyo ya mashambani, utaikuta kwenye maua, kahawa na miwa. CHODAWU ni ya mahotelini, hifadhini na majumbani. TUICO ni viwanda, biashara na fedha. TALGWU ni ya serikali za mitaa, TUGHE ya serikali kuu na afya, na CWT ya walimu ambayo kila mtu anaijua. Juu yao kuna shirikisho, TUCTA. Ajira za kulipwa ndani ya vyama ni chache: makatibu wa mikoa na kanda, maofisa wa sheria, wahasibu, maofisa wa elimu kwa wanachama. Wengi hawaingii kwa tangazo la gazeti, wanaingia kwa kuwa walikuwa viongozi wa tawi kazini kwao, wakajulikana kwa kusimamia kesi na kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Kama uko kazini sasa hivi, hata kama ni mapokezi au stoo, ugombee uongozi wa tawi. Mshahara hautaongezeka, lakini ndani ya miaka miwili utakuwa umeona vikao vya nidhamu vingi kuliko aliyekaa darasani miaka mitatu. Usidharau njia hii: Rashidi Kawawa alitoka kwenye ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya Tanganyika, TFL, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu.

Kiti cha waajiri ndicho kinachoajiri watu wengi zaidi, na ndicho kila mhitimu anakikimbilia: afisa rasilimali watu, afisa utumishi, meneja utawala. ATE, Chama cha Waajiri, nacho kina wanasheria na washauri wake, ingawa ni wachache.

Kiti cha serikali kina Afisa Kazi, anayeingia mahali pa kazi, anakagua mikataba na malipo, na ana mamlaka ya kutoa amri kwa mwajiri atekeleze sheria. Wapo wasuluhishi na waamuzi wa CMA. Wapo wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na maofisa wa mifuko ya hifadhi ya jamii wa NSSF, PSSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Halafu kuna maofisa utumishi wa halmashauri, ambao idadi yao ni kubwa kwa sababu kila halmashauri inawahitaji.

Kwa nini uchague kabla ya chuo? Kwa sababu kila kiti kinadai karatasi yake. Anayeota kuwa mwamuzi au kutetea watu mahakamani asome sheria. Anayetaka kiwandani au hotelini asome rasilimali watu. Anayetaka uafisa kazi asome mahusiano ya kazi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Hatua ya pili: chuo, bila kudanganywa na jina la kozi

Ukitaka kozi yenye jina lenyewe la mahusiano ya kazi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Dar es Salaam inafundisha mahusiano ya kazi na menejimenti ya umma. Ni safari na ni gharama ya kupanga chumba. Kama familia inakutaka ubaki kaskazini, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina shahada ya rasilimali watu na kina sheria pia. Chuo kile kilianza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kwa hiyo kina faida moja ambayo haisemwi: utajifunza namna vyama vya msingi na ushirika vinavyoajiri, na Kilimanjaro imejaa hivyo. Kwa sheria, Tumaini Makumira iko Usa River, kifodi kimoja kutoka mjini Arusha.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kozi ya shahada iko kwenye orodha ya TCU, tume ya vyuo vikuu, na ya cheti au stashahada iko NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Halafu fungua Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, tafuta tangazo la zamani la Afisa Kazi daraja la II, uone sifa zilizotajwa. Kama jina la kozi unayoitaka halimo, usijifariji kwamba "wataelewa". Mfumo hauelewi, unachuja.

Anayetaka kuanzia chini asione haya. Stashahada ya rasilimali watu na miaka mitatu shambani inamshinda mhitimu wa shahada asiyejua kuandika barua ya wito wa kikao cha nidhamu.

Hatua ya tatu: jifunze sheria kwa mikono

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ajira inapopatikana au kukosekana.

Sheria mama ni mbili, zote za 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Ya kwanza inasema haki na wajibu, ya pili inaunda vyombo, CMA ikiwemo. Chini yake kuna kanuni za 2007, hasa Tangazo la Serikali Na. 42 la utendaji bora na Na. 64 la uendeshaji wa usuluhishi na uamuzi. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na Julai mwaka huo huo toleo lililorekebishwa la sheria zote za nchi likaanza kutumika, kwa hiyo namba za vifungu ulizokariri kwenye noti za mwalimu zaweza kuwa zimehama. Soma toleo jipya. Ongeza Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Hii ya mwisho ina soko Arusha, mji wa mashirika ya kimataifa na kampuni za utalii zenye wakurugenzi wa nje: mtu anayejua kuandaa faili la kibali cha kazi, na mpango wa kumrithisha Mtanzania ile nafasi, hatafuti kazi muda mrefu.

Kusoma peke yake hakutoshi. Chukua kalamu.

Zoezi la kwanza ni kuhesabu siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku ya tukio haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa, na ya mwisho ikiangukia wikiendi au sikukuu unasogea mbele. Rahisi, sivyo? Sasa sikiliza kovu langu. Nikiwa katibu wa tawi, mwenzetu wa jikoni aliachishwa kazi tarehe 28 Novemba. Meneja akasema, kwa upole kabisa, "tutazungumza bosi akirudi". Mimi nikaamini. Desemba ikaingia, na mnajua Desemba ya huku: mji unabaki mtupu, watu wanapanda Rombo na Machame kuhesabiwa, yaani kula sikukuu kwao. Na mimi nikaenda kuhesabiwa. Tuliporudi, bosi akasema hana la kuzungumza, nikakimbia na fomu namba moja CMA tarehe 5 Januari. Hesabu mwenyewe: siku ya kwanza ni 29 Novemba, ya 30 ni 28 Desemba. Tulikuwa nje kwa siku nane. Tukajaza fomu namba mbili ya kuomba kuongezewa muda, na sababu yetu ilikuwa kwamba tulikuwa tunamsubiri bosi. Ikakataliwa. Yule bwana alikuwa na kesi nzuri, hajawahi kupewa hata onyo la maandishi. Nilimkuta miaka baadaye Soko la Kilombero anauza vitunguu, akanisalimia vizuri tu, na salamu ile iliniuma kuliko angenitukana.

Tangu siku hiyo mtu akinijia na barua ya kuachishwa, kabla ya pole natazama tarehe.

Zoezi la pili ni kupiga mafao. Mchukue mhudumu wa hoteli, mshahara wa msingi shilingi 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, amefanya kazi miaka 4 na miezi 5, anapunguzwa kwa sababu wageni hawapo. Wiki za mwezi sheria inazihesabu 4.333, ukizidisha kwa siku sita unapata 26. Gawanya 390,000 kwa 26, siku yake moja ni shilingi 15,000. Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka kumi: 15,000 mara 7 ni 105,000, mara miaka 4 ni 420,000. Ile miezi mitano haiingii. Kisha notisi ya siku 28, au malipo yake kama wanataka aondoke leo. Kisha siku alizofanya kazi mwezi huo, likizo aliyoilimbikiza, na kama aliajiriwa akitokea Singida, usafiri wake na mizigo yake hadi Singida. Mwisho hati ya utumishi, ambayo haina thamani ya pesa lakini mwajiri anayefuata ataiulizia. Na kabla ya hesabu yote hiyo, mwajiri alitakiwa atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao au na chama chao. Akiruka hatua hiyo, hesabu safi haitamwokoa.

Piga hesabu hizi mara ishirini kwa mishahara tofauti mpaka usihitaji kufungua kitabu. Wamiliki wengi wa kampuni ndogo hapa hawajui kupiga, wanakadiria, na wakikadiria vibaya wanaitwa CMA. Ukijua, tayari una kitu cha kuwauzia.

Zoezi la tatu, soma hukumu. TanzLII inaweka hukumu bure mtandaoni, zikiwemo za Mahakama Kuu zinazotoka masjala za Arusha na Moshi. Soma moja kila jioni. Andika kwa Kiswahili chako: nani alidai nini, mwajiri aliteleza wapi, ushahidi upi ulimwangusha. Ukifika ya thelathini utagundua waajiri wengi hawaangushwi na sababu, wanaangushwa na utaratibu: mtu aliiba kweli, ila hakupewa muda wa kujitetea.

Neno la pembeni kuhusu lugha. Kwenye kikao mnazungumza Kiswahili, lakini faili sehemu kubwa bado ni Kiingereza. Mlalamikaji ataeleza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kichaga au Kimasai, wewe utaandika maelezo yake kwa Kiingereza kifupi kisicho na mapambo. Mwenye uwezo wa kuvusha maana bila kuipotosha anahitajika kila upande wa meza.

Hatua ya nne: mazoezi ya vitendo, na mahali pa kuyaomba

Wanafunzi wote hukimbilia ofisi za mkoa na benki. Nenda pasipo na foleni.

Mashamba ya maua na mbogamboga kuanzia Tengeru hadi Usa River yana mamia ya wafanyakazi, mikataba ya hali bora, kamati za wanawake, na wakaguzi wanaokuja kwa niaba ya wanunuzi wa Ulaya. Vyeti kama Fairtrade na Rainforest Alliance vinataka kumbukumbu za saa za kazi, vifaa vya kujikinga na dawa, mishahara, uhuru wa kujiunga na chama. Mtu wa kuandaa kumbukumbu hizo anaitwa afisa uzingatiaji, na hii ndiyo benchi la pembeni nililoahidi. Haina kelele, inalipa vizuri kiasi, na wahitimu wengi hawajui kama ipo. Nilipohamia shambani nilianza kwa kukaa na daftari getini saa kumi na mbili asubuhi nikiandika nani kaingia na nani katoka. Miezi miwili hivyo. Niliona ni adhabu. Siku mkaguzi alipokuja, daftari lile ndilo pekee lililolingana na hati za mishahara, na nikapandishwa.

Moshi ina jambo lake: wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Ajira yao ni ya safari moja moja, malipo ni ya siku, tipu ndiyo inayotegemewa, na mzigo unapimwa getini kwa kikomo cha kilo 20. Ni darasa zima la kazi isiyo rasmi. KPAP, mradi unaofanya kazi kutoka Moshi tangu 2003, unawahoji wapagazi wanaposhuka na kufuatilia kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Kampuni inayotaka jina zuri kwa wageni inahitaji mtu wa ndani anayesimamia mambo hayo. Ukitaka kuelewa sekta hii usianzie kitabuni, nenda Mweka au Marangu mchana, wakati makundi yanashuka, nunua chai, sikiliza.

Pia kuna kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, viwanda vya nguo na vyandarua Arusha, hospitali kubwa kama KCMC, na Mirerani upande wa Manyara, ambako wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite, wanachimba kwa mgawo wa kinachopatikana badala ya mshahara. Swali la kama mwanaapolo ni mfanyakazi au mbia linaweza kukupa utafiti mzuri wa shahada.

Jinsi ya kuomba: barua ya ukurasa mmoja, itaje kazi moja utakayoifanya. Usiandike "kupata uzoefu". Andika, kwa mfano, "nitapanga mafaili ya wafanyakazi wenu na kuorodhesha mikataba itakayoisha ndani ya miezi sita". Peleka mwenyewe Jumanne au Jumatano asubuhi. Jumatatu wana vikao, Ijumaa akili iko nje. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nayo huratibu nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu, jisajili huko vilevile.

CMA yenyewe ukiomba na ukakubaliwa, shukuru. Kaa kwenye benchi la nje asubuhi uone mwajiri na mfanyakazi wanavyofika: mmoja na wakili na faili la rangi, mwingine na mfuko wa nailoni wenye barua zilizokunjwa mara nne. Kazi yako ya kwanza huenda ikawa kuzikunjua zile barua na kuzipanga kwa tarehe.

Hatua ya tano: jalada lako

Wasifu wa kurasa nne utupe. Weka kurasa mbili, kisha jalada lenye vitu vitano au sita ulivyoandika mwenyewe: mkataba wa ajira, barua ya wito wa kikao cha nidhamu, muhtasari wa kikao, jedwali la mafao, uchambuzi wa hukumu mbili, fomu ya kukagua usalama jikoni. Majina yote ya watu na kampuni yafutwe. Ukimwonyesha mtu faili lenye jina la mfanyakazi wa mahali ulipokuwa mazoezini, umeshafeli usaili: ameona utakavyozitembeza siri zake pia.

Ongeza mafunzo mafupi. OSHA huendesha ya usalama na huduma ya kwanza, na kiwandani cheti hicho kinasikika kuliko madaraja yako ya chuo. Excel ujue mpaka mishahara ya watu hamsini usiiogope.

Hatua ya sita: maombi na usaili

Serikalini mlango ni mmoja, Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Jaza taarifa zako kabla ya tangazo, kwa utulivu, vyeti vimeshapakiwa na majina yanafanana kwenye kila karatasi, maana tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne imewatoa wengi. Kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Subira inahitajika, kati ya tangazo na kuripoti kazini unaweza kuzeeka kidogo. Usimpe mtu pesa akuwekee jina. Vishoka wa ajira wapo Arusha kama walivyo kwingine, na hawana jina la kuweka popote.

Sekta binafsi, swali ninalowauliza mimi wasailiwa ni hili: mpishi amekamatwa na kilo tano za sukari kwenye begi, mkurugenzi anataka aondoke leo hii, utafanya nini? Anayejibu "nitamfukuza, wizi ni kosa kubwa" simwiti tena. Anayejibu "nitamtetea mpishi" naye simwiti. Namtafuta anayesema: namsimamisha kwa malipo kamili, nachunguza, namwandikia tuhuma kwa lugha anayoielewa, nampa si chini ya saa 48 ajiandae, namwambia aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, kikao kinaongozwa na mtu ambaye hakuhusika, anasikilizwa, uamuzi unaandikwa na sababu zake, na anaambiwa haki ya kukata rufaa. Akimaliza na kusema "na sukari naipiga picha kabla haijarudi stoo", nampa kazi.

Swali jingine linalopendwa: mtumishi wa halmashauri akifukuzwa, anaenda CMA moja kwa moja? Hapana, anamaliza kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma. Wengi huanguka hapo.

Mshahara nao utaulizwa. Jua kima cha chini kabla ya kutaja chako. Kwa watumishi wa umma, Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kwamba kima hicho kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, inayotofautisha hoteli, kilimo, viwanda na kazi za nyumbani. Uwe nayo kwenye simu.

Hatua ya saba: kupanda, au kujitegemea

Baada ya miaka mitano njia zinagawanyika. Wapo wanaorudi kusoma sheria ili wawe mawakili. Wapo wanaokwenda ESAMI, hapa hapa Arusha, kunoa uongozi. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, EATUC, nalo liko Arusha, na tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika Julai 2010, suala la wafanyakazi kuvuka mipaka limekuwa na watu wa kulifanyia kazi. Nafasi hizo ni chache na zinagombewa na nchi zote za Jumuiya, kwa hiyo zitazame kama mvua ya kiangazi: ikinyesha vizuri, usiilimie.

Mimi nilichagua kujitegemea. Kampuni ya utalii yenye madereva kumi haiwezi kuajiri afisa wa kudumu, lakini inaweza kunilipa siku mbili kwa mwezi kupitia mikataba, michango ya NSSF na WCF, usajili wa OSHA na likizo. Kampuni nane za namna hiyo ni maisha. Sharti moja nimejiwekea: sichukui kesi ya mfanyakazi dhidi ya kampuni niliyowahi kuihudumia, hata kwa hela ya soda. Mji huu mdogo. Ukila pande zote mbili, kufika Ijumaa Ngarenaro nzima inajua.

Yule binti wa jirani aliacha kusambaza bahasha. Akaenda shambani Usa River miezi minne bila mshahara ila nauli, akatengeneza jalada, na mwezi wa kumi akaitwa na kampuni moja ya safari kama msaidizi wa rasilimali watu. Jioni ya siku hiyo akaja na mkataba wake. Alikuwa ameuzungushia penseli mstari mmoja: saa za kazi 54 kwa wiki, bila malipo ya ziada.

"Anko, si zinatakiwa zisizidi 45?"

Nilitaka kumsaidia kuandika barua, kumbe alikuwa ameshaiandika, nusu ukurasa, ya heshima, imetaja sheria bila kutisha. Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe kwamba wamerekebisha, amesaini, na kazi yake ya kwanza Jumatatu ni kurekebisha mikataba ya madereva kumi na wanne iliyokuwa na mstari ule ule.